Kusanifu amplifaya ya volti 0.9 inayokula chini ya mikroampea moja

Betri moja ya alkali huanza na volti 1.5 na huhesabiwa imekwisha inapofika volti 0.9. Chombo kinachotaka kunyonya betri hiyo hadi tone la mwisho bila kuongezewa saketi ya kupandisha volti kinahitaji amplifaya inayoishi kwenye volti 0.9. Kama chombo hicho ni kihisi kinachovaliwa mwilini au kufukiwa ardhini kwa miaka, mkondo nao lazima uhesabiwe kwa nanoampea. Hapa tunaisanifu amplifaya ya namna hiyo ndani ya saketi jumuishi ya CMOS, kuanzia karatasi hadi meza ya vipimo. Unatakiwa uwe unajua transista ya MOS inafanyaje kazi, na uwe umewahi kuchora jozi ya ingizo na kioo cha mkondo.

Namba nitakazotumia ni za teknolojia ya kawaida ya nanomita 180: volti ya kizingiti 0.45 kwa NMOS na PMOS, na kigezo cha mteremko n cha 1.3. Zichukue kama namba za mazoezi. Za kwako utazisoma kwenye modeli za kiwanda kitakachokutengenezea.

Hatua ya 1: Tenganisha volti ndogo na nguvu ndogo

Watu wengi huja kwenye usanifu wa analogi wakitokea kwenye dijitali, na huja na imani kwamba ukishusha volti, matumizi ya umeme yanashuka yenyewe. Kwenye dijitali ni kweli: nishati ya kila mgeuko wa biti hufuata CV² (kapasita mara mraba wa volti), kwa hiyo nusu ya volti ni robo ya nishati.

Kwenye analogi hesabu inageuka. Tuseme umepunguza volti kwa nusu, na ishara nayo ikapungua kwa nusu kwa kuwa haina pa kupandia. Ili ubora wa ishara dhidi ya kelele ubaki uleule, kelele lazima nazo zipungue kwa nusu, yaani nguvu ya kelele ishuke hadi robo. Kelele za joto hufuata kT/C (k ni namba ya kudumu, T ni joto, C ni kapasita), kwa hiyo kapasita zinaongezeka mara 4. Ili kuziendesha kwa kasi ileile transkondaktansi (gm, yaani mkondo unabadilika kiasi gani volti ya geti ikibadilika) inaongezeka mara 4, na mkondo unaifuata. Mkondo mara 4 kwenye nusu ya volti ni matumizi mara 2. Na hapo bado hatujahesabu volti zinazoliwa na transista zenyewe ili zibaki kwenye shibe, ambazo hazipungui hata kidogo unaposhusha volti ya betri.

Ndiyo maana nakuomba ufungue madaftari mawili tofauti, moja la volti na moja la mkondo, na uyajaze kabla hujafungua programu ya kuchorea. Kila uamuzi utakaoufanya chini hapa utaandikwa kwenye mojawapo, na mara nyingi utakuta unalipa kwenye daftari moja ili uokoe kwenye jingine.

Hatua ya 2: Andika mahitaji, na uandike machache

Ya kwetu ni haya. Volti ya chini kabisa 0.9. Mzigo wa kapasita ya pikofaradi 10, bila mzigo wa rezista. Masafa ambayo ukuzaji unafika 1 yawe kilohezi 50. Akiba ya fezi, yaani umbali wa amplifaya kutoka kwenye kuyumba yenyewe, isipungue digrii 60. Mkondo wote, pamoja na saketi ya kuuzalisha, usifike mikroampea 1. Joto kuanzia digrii −40 hadi 85 za Selsiasi.

Hilo la kutokuwa na mzigo wa rezista si pambo. Tutakapofika kwenye hatua ya pili ya amplifaya utaona mkondo wake ni nanoampea 350. Ukiiwekea rezista ya megaohmu 1, haiwezi kuisukuma zaidi ya volti 0.35, na ukuzaji wa hatua hiyo utaporomoka kutoka zaidi ya 100 hadi chini ya 8. Kwa sababu hiyo mrejesho wa amplifaya za aina hii hujengwa kwa kapasita.

Hatua ya 3: Chora grafu ya gm/ID

Transista inayotumia mkondo mdogo kulinganisha na upana wake huendeshwa chini ya kizingiti, katika eneo hafifu. Hapo mkondo hupanda kwa kipeo cha volti ya geti, kama ilivyo kwenye transista za baipola, na gm ni ID (mkondo wa dreni) ikigawanywa kwa nUT, ambapo UT ni volti ya joto, takriban milivolti 26 kwenye joto la chumbani. Mwaka 1977 Eric Vittoz na Jean Fellrath walichapisha makala yaliyoonyesha kwamba saketi za analogi za CMOS zinaweza kujengwa juu ya eneo hilo. Kazi hiyo ilitoka kwenye mazingira ya saa za kwatzi (quartz) za Uswisi, ambazo zilidai mikondo midogo sana.

Kipimo kinachotuongoza ni uwiano wa gm kwa ID: kila ampea moja unayolipa inakununulia transkondaktansi kiasi gani. Kwa n ya 1.3, kiwango cha juu ambacho maumbile yanaruhusu ni takriban 30 kwa volti. Ukiisukuma transista kwenye eneo la nguvu, juu ya kizingiti, unapata 10 au chini yake.

Fungua simulesheni, chukua transista moja ya NMOS na moja ya PMOS, zungusha volti ya geti, kisha chora gm/ID dhidi ya mkondo uliogawanywa kwa W/L (upana kwa urefu wa geti), mhimili wa mlalo ukiwa wa logi. Upande wa kushoto mstari lazima utulie tambarare. Ukiona kigongo, mkunjo wa ghafla au mstari unaoendelea kupanda bila kikomo, modeli yako si ya kuaminika chini ya kizingiti, na hakuna hesabu inayofuata itakayokuwa na maana. Modeli ya EKV, iliyochapishwa mwaka 1995 na Enz, Krummenacher na Vittoz, ilitengenezwa kwa ajili ya kuunganisha maeneo haya kwa mstari mmoja laini. Kanuni yake fupi ya kukadiria kwa mkono ni hii:

gm/ID = (1/nUT) × 1/(0.5 + √(0.25 + IC))

IC ni kiwango cha ugeuzi, yaani transista imewashwa kwa nguvu kiasi gani: chini ya 0.1 ni eneo hafifu, juu ya 10 ni eneo la nguvu, na katikati ni eneo la kati. Utatumia muda wako mwingi kwenye eneo la kati, upande wake wa chini.

Hatua ya 4: Jaza daftari la mkondo

Muundo ni ule wa hatua mbili na kapasita ya Miller, inayounganisha pato na ingizo la hatua ya pili. Kuna jozi ya ingizo ya PMOS, mzigo wa kioo cha NMOS, chanzo cha mkondo wa jozi juu yake, kisha NMOS moja ya pato na chanzo chake cha mkondo. Transista saba. Kuna miundo ya kifahari zaidi, lakini kwenye volti 0.9 kila transista unayoibebesha juu ya nyingine inadai takriban milivolti 100 zake, na muundo huu haubebeshi zaidi ya tatu.

Chagua kapasita ya Miller, Cc, ya pikofaradi 4. Transkondaktansi ya ingizo ni 2π × 50 kHz × 4 pF, yaani mikrosimensi 1.26. Kwa gm/ID ya 25 kila upande wa jozi unahitaji nanoampea 50, na chanzo chake kinahitaji 100.

Sasa hatua ya pili ya amplifaya. Nguzo ya pato, yaani masafa ambayo pato huanza kuchelewa, lazima ikae mbali na kilohezi 50. Chukua gm ya mikrosimensi 8. Geti la transista ya pato pamoja na waya zake lina kapasita ya takriban pikofaradi 0.3, na ukiiingiza kwenye hesabu, nguzo inaangukia kilohezi 115. Ni mara 2.3 ya masafa yetu, na inakula digrii 23.5 za fezi. Sifuri ya Miller, inayotokana na ishara kupita moja kwa moja kwenye Cc na iliyo upande mbaya, iko mara 6.4 juu na inakula digrii nyingine 9. Inabaki akiba ya digrii 57 na nusu, haitoshi. Weka rezista mfululizo na Cc yenye thamani ya 1/gm, yaani kiloohmu 125: sifuri inapelekwa mbali kabisa na akiba inarudi hadi digrii 66. Rezista hii haikugharimu hata elektroni moja ya mkondo, kwa hiyo usiiache kamwe.

Kwa gm/ID ya 20, pato litahitaji nanoampea 400. Iandike hiyo kwa penseli.

Kasi ya kupanda kwa ishara kubwa ni 100 nA ÷ 4 pF, sawa na volti 0.025 kwa mikrosekunde. Mruko wa volti 0.5 utachukua mikrosekunde 20. Hili linawashangaza wengi: kwenye eneo hafifu huwezi kuibadilisha namba hii bila kubadilisha masafa yenyewe, kwa kuwa mkondo na gm vimefungwa pamoja kwa nUT. Ukitaka kasi zaidi kwa mkondo uleule wa kupumzika, itabidi utumie pato la daraja AB, linaloongeza mkondo pale tu ishara inapouhitaji.

Kelele za joto, ukijumlisha jozi na mzigo, zinafika takriban nanovolti 190 kwa mzizi wa hezi. Kwa ishara za moyo, ambazo ni za milivolti na ziko chini ya hezi 150 au zaidi kidogo, inatosha. Kwa maikrofoni nzuri haitoshi, na hakuna ujanja wa mchoro utakaoiokoa. Kelele hizi hupungua kwa kuongeza mkondo tu.

Hatua ya 5: Jaza daftari la volti

Hapa ndipo amplifaya za volti ndogo hufa, na mara nyingi hufa baada ya kutengenezwa, kwa sababu kwenye joto la chumbani na silikoni ya wastani kila kitu kilionekana sawa. Twende taratibu.

Kwenye eneo hafifu transista hushiba ikipata takriban 4UT kati ya dreni na sosi, yaani milivolti 100. Kizuri ni kwamba haiombi zaidi, na kibaya ni kwamba haikubali pungufu. Chanzo cha mkondo wa jozi tukipe milivolti 120, maana tumekiendesha juu kidogo ya eneo hafifu.

Jozi ya ingizo kwa gm/ID ya 25 inadai volti 0.42 kati ya sosi na geti. Mzigo wa NMOS kwa gm/ID ya 20 unadai 0.47 kwenye geti lake. Sasa uliza: volti ya pamoja kwenye ingizo, yaani ile ambayo mageti yote mawili ya jozi yamekaa, inaweza kwenda wapi?

Kikomo cha juu: 0.9 − 0.12 − 0.42 = 0.36.

Kikomo cha chini: dreni ya transista ya ingizo imekaa kwenye 0.47, na sosi yake lazima iwe juu ya hapo kwa angalau 0.1. Geti liko 0.42 chini ya sosi. Kwa hiyo 0.47 + 0.1 − 0.42 = 0.15.

Kati ya 0.15 na 0.36 kuna nafasi ya milivolti 210. Unaweza kushawishika kusimama hapa. Usisimame.

Leta kona za utengenezaji. Tuseme vizingiti vinayumba milivolti 50 kila upande, na kila nyuzi moja ya joto inayopungua inapandisha kizingiti kwa takriban milivolti 1. Kwenye digrii −40 vizingiti vimepanda milivolti 67. Ikiwa PMOS zako ni nzito (zenye kizingiti cha juu) na chombo kiko kwenye baridi hiyo, kikomo cha juu kinashuka hadi 0.24. Kona nyingine: NMOS nzito, PMOS nyepesi (zenye kizingiti cha chini). Hapo kikomo cha chini kinapanda kwa milivolti 100 na kufika 0.25.

Kikomo cha chini kimekuwa juu ya kikomo cha juu. Hakuna volti hata moja ya ingizo inayofaa kwa vipande vyote vitakavyotoka kiwandani. Simulesheni ya silikoni ya wastani isingekuonyesha hili kamwe.

Tiba iko kwenye mzigo. Vitabu vingi vinakufundisha kuuendesha mzigo kwenye eneo la nguvu, gm/ID ya 10 au 12, ili kelele zake na kutolingana kwake kuonekane kwa udogo kwenye ingizo. Ushauri huo ni mzuri kwa volti 1.8. Kwetu sisi mzigo wa namna hiyo ungedai karibu volti 0.57 kwenye geti na kulifunga dirisha kabisa. Tunakwenda kinyume: tunaupanua mzigo hadi gm/ID ya 23. Volti ya geti inashuka kutoka 0.47 hadi 0.44, kikomo cha chini cha kona mbaya kinashuka hadi 0.22, na dirisha linafunguka: 0.22 hadi 0.24. Weka volti ya pamoja ya ingizo kwenye 0.23.

Milivolti 20 ni nyembamba, nakubali. Lakini kumbuka hizo ni za kona mbili mbaya kwa wakati mmoja, na ukivuka kikomo amplifaya haizimiki, ila ukuzaji unapungua pole pole. Kama kifaa chako hakitashuka chini ya digrii 0, kikomo cha juu kinapanda hadi karibu 0.28 na unapumua. Kama kiwanda kinatoa PMOS za kizingiti kidogo, zitumie kwenye jozi. Na kwa kuwa mrejesho ni wa kapasita, ingizo halisogei kutoka kwenye 0.23 hata pato likipanda na kushuka kati ya 0.1 na 0.8.

Uamuzi huu unagusa daftari la mkondo pia. Transista ya pato lazima iwe na volti ya geti ileile ya mzigo, la sivyo unatengeneza ofseti (kosa la volti kwenye ingizo) ya kudumu kwa mikono yako mwenyewe. Kwa hiyo nayo inahamia gm/ID ya 23, na mikrosimensi 8 sasa zinapatikana kwa nanoampea 350. Futa ile 400 ya penseli. Tumeokoa nanoampea 50, na kila mkondo umekuwa kigawe kamili cha nanoampea 50: mzigo 1, jozi 2 kwa pamoja, pato 7. Hesabu inapokaa hivi, kubali zawadi yake, kwa sababu sasa kila transista itajengwa kwa kurudia kipande kimoja.

Hatua ya 6: Toa vipimo vya W na L

Kutoka kwenye grafu ya hatua ya 3, soma W/L kwa kila gm/ID. Kwa namba zetu jozi ya PMOS inahitaji W/L ya karibu 1.9 na mzigo wa NMOS robo moja. Uwiano peke yake hautoshi, kwa sababu eneo ndilo linaloamua ofseti. Sheria aliyoichapisha Pelgrom na wenzake mwaka 1989 inasema tofauti ya vizingiti kati ya transista mbili jirani hupungua kwa mzizi wa eneo la geti. Tukichukua kigezo cha milivolti 4 kwa mikromita, jozi ya mikromita 7.5 kwa 4 inatoa milivolti 0.73, na mzigo wa 2 kwa 8 unatoa milivolti 1. Vikiunganishwa kwenye ingizo ni takriban milivolti 1.2 za sigma moja, kwa hiyo panga kwa milivolti 3.5. Eneo hilohilo linapunguza kelele za 1/f, zile zinazokua masafa yanaposhuka. Ukihitaji ofseti ya mikrovolti, acha kuongeza eneo na utumie mbinu ya kukatakata ishara kwa swichi.

Transista ya pato ni vipande 7 vya mzigo, sambamba. Usibadilishe L yake ili kuokoa nafasi.

Jihadhari na vioo vya mkondo. Kosa la mkondo ni gm/ID ikizidishwa kwa kosa la kizingiti, kwa hiyo kioo cha eneo hafifu chenye milivolti 1 ya kutolingana kinakosea kwa 2.3%. Kioo kilekile kwenye gm/ID ya 8 kingekosea 0.8% tu. Tunalipa kosa hilo kwa sababu daftari la volti halituachii la kufanya. Vioo vya PMOS vya mikromita 5 kwa 5 kwa kila nanoampea 50 vinatufaa.

Urefu huu wa L unasaidia ukuzaji pia. Hata ukichukua volti ya Early (kipimo cha jinsi transista inavyokaribia chanzo kamili cha mkondo) ya tahadhari, 10, hatua ya kwanza inakuza mara 125 na ya pili mara 115, jumla desibeli 83 bila kaskodi (transista ya ziada juu ya nyingine ya kuongeza ukuzaji) yoyote.

Hatua ya 7: Zalisha nanoampea 50

Tumia kitanzi cha vioo viwili, ambapo NMOS moja ni pana mara 8 kuliko mwenzake na ina rezista kwenye sosi. Bodi za NMOS (silikoni iliyo chini ya geti, ncha ya nne ya transista) zikiwa kwenye ardhi, volti ya rezista ni UT × ln 8, yaani milivolti 54. Kwa nanoampea 50 unahitaji megaohmu 1.08. Tumia polisilikoni yenye ukinzani mkubwa. Ikiwa ina kiloohmu 1 kwa kila mraba, ni miraba 1,080 iliyokunjwa kama nyoka, na inaweza kuwa kubwa kuliko amplifaya yenyewe.

Uzuri wa kitanzi hiki ni kwamba mkondo wake unapanda sambamba na joto: takriban nanoampea 39 kwenye −40, na 60 kwenye 85. Kwa mtazamo wa kwanza ni kasoro. Lakini gm ya eneo hafifu ni mkondo ukigawanywa kwa nUT, na UT nayo inapanda sambamba na joto. Vinafutana. Transkondaktansi inabaki pale pale, na masafa yako yanabaki kilohezi 50 kwenye baridi na kwenye joto, yakiyumba kwa kadiri rezista inavyoyumba tu.

Kitanzi kina hali mbili thabiti, na moja ni mkondo sifuri. Weka saketi ya kukiamsha, na uijaribu kwa kupandisha volti ya betri polepole sana, kwa sekunde nzima, si kwa mikrosekunde. Kitanzi kinachoamka kwa mruko wa ghafla kinaweza kulala kabisa betri ikiunganishwa taratibu.

Jumla sasa: 100 za jozi, 350 za pato, 150 za kitanzi na tawi lake. Nanoampea 600.

Hatua ya 8: Simulesheni

Kabla ya yote badilisha mipangilio ya SPICE, programu ya simulesheni. Kiwango chake cha kawaida cha kukubali kosa la mkondo ni pikoampea 1, na huweka kondaktansi ya pikosimensi 1 kwenye viungio. Kwa nanoampea 50 si hatari kubwa, lakini ukipima mivujo au kitanzi kikiwa kimelala, namba hizo ndizo utakazokuwa unazipima. Zishushe mara elfu.

Kisha endesha kona zote tano kwenye −40, 27 na 85, kwa volti 0.9 na 1.5. Kwenye kila moja soma volti kati ya dreni na sosi ya kila transista kabla hujatazama ukuzaji. Ikiwa yoyote iko chini ya milivolti 100, rudi hatua ya 5. Baada ya hapo Monte Carlo (majaribio mengi ya tofauti za kubahatisha kati ya transista) kwa ofseti. Kwenye 85 na kona nyepesi angalia mivujo ya swichi au rezista bandia ulizounganisha kwenye nodi ya ingizo. Nodi inayoelea kati ya kapasita mbili husogezwa hata na pikoampea chache.

Hatua ya 9: Ramani ya silikoni

Jozi na mzigo vipange kwa kitovu kimoja, weka vipande vya bandia pembeni, na uviweke mbali na kingo za visima. Ukaribu wa ukingo wa kisima husogeza kizingiti, na kwa kuwa gm/ID yetu ni ya juu, milivolti chache za kizingiti ni asilimia nyingi za mkondo. Waya za digitali zisipite juu ya nodi ya geti la pato. Nodi hiyo ina ukinzani wa mamegaohmu na itapokea kila mtikisiko.

Ongeza pia kitu kimoja ambacho wengi hukisahau hadi silikoni irudi: bafa ya kupimia, yenye betri yake tofauti, kati ya pato na pini ya nje.

Hatua ya 10: Kupima

Bafa ile ndiyo itakayokuokoa. Probu ya kawaida ya osiloskopu ina megaohmu 10 na takriban pikofaradi 10. Ukiigusisha kwenye pato lililo kwenye volti 0.5, inavuta nanoampea 50, sawa na kipande kizima cha mkondo wetu. Pikofaradi zake zinaongeza mzigo maradufu, nguzo ya pato inashuka hadi kilohezi 58, na akiba ya fezi inaporomoka hadi takriban digrii 49. Utaona mruko unaoyumba na utaanza kutafuta kosa kwenye mchoro ambao hauna kosa.

Pima mkondo wa betri kwanza, kipande kikiwa gizani. Mwanga unaoangukia silikoni isiyofunikwa huzalisha mikondo inayoshindana na nanoampea zako. Namba ikiwa karibu na 600, pandisha na kushusha joto, uone kama inafuata mstari wa hatua ya 7. Ndipo upime ofseti kwenye vipande vingi, na mwisho kabisa masafa, kwa ishara ya milivolti chache ili kasi ya kupanda isikudanganye. Kilohezi 50 zikija pungufu kwa 15%, pima rezista ya kitanzi kabla ya kulaumu kitu kingine. Polisilikoni huyumba kiasi hicho kwa kawaida, na kama umeacha vipande vyake viwili vitatu vinavyoweza kuunganishwa au kukatwa, unarekebisha palepale.

Ukitaka kushuka zaidi

Chini ya takriban volti 0.8 muundo huu unakwisha, kwa kuwa dirisha la hatua ya 5 linafungwa bila tiba kwa vizingiti vya 0.45. Njia iliyozoeleka ni kuingiza ishara kwenye bodi ya transista badala ya geti. Kizingiti kinaondoka njiani kabisa, na ingizo linaweza kwenda karibu kokote. Bei yake ni kwamba transkondaktansi ya bodi ni takriban 0.2 hadi 0.4 ya ile ya geti, kwa hiyo kwa mkondo uleule masafa yanashuka kwa kiwango hicho na kelele zinapanda kwa kinyume chake. Kwa ishara za polepole na kubwa kiasi, bei hiyo inalipika. Anza upya kwenye hatua ya 4, ukiweka gm ya bodi mahali pa gm ya geti.